Karatasi Nyeusi ya Zuhura

Harufu ndiyo iliyonisimamisha. Nilikuwa Dar es Salaam kwa shughuli za korosho za kikundi chetu, jua limenichosha, nikaingia kwenye duka moja la vyakula vya Kiasia ili nipoe kidogo na feni yao. Msichana wa duka alikuwa amefungua pakiti moja na kuweka vipande kwenye sahani ili wateja waonje. Ilikuwa harufu ya ufuta uliokaangwa, na chini yake chumvi, na chini ya chumvi kitu kama pwani maji yanapokupwa. Nikasimama mbele ya sahani ile.

"Onja, mama," aliniambia. "Ni mwani wa Korea. Watoto wanaupenda sana."

"Naujua," nilimjibu, kwa ukali ambao yule msichana hakustahili.

Nyuma yake kulikuwa na rafu nzima, kutoka sakafuni mpaka juu ya kichwa changu. Pakiti za kijani, za njano, nyekundu, nyingine zina picha ya mtoto anacheka. Zimebanana mpaka zinataka kuanguka. Nikampigia simu mdogo wangu Zuhura, ambaye sasa ni mtu mzima na ana kazi yake Mtwara mjini, nikamwambia nimeona nini.

"Ah, hizo?" alisema. "Dada, hizo hata huku zipo. Unazitaka? Nikija nikuletee."

Hakumbuki. Alikuwa mdogo mno. Nikamuaga, nikatoka nje, nikasimama pembeni ya barabara nimekasirika, na sikuwa na mtu wa kumkasirikia.

Wenzangu mliokulia Newala mnajua maji yalivyokuwa. Sisi wa Kitangari tulikuwa tunaamka na ndoo, tunalala na ndoo. Kwa hiyo walipokuja wachimba visima na mtambo wao, watoto tuliacha kila kitu tukaenda kuutazama. Ulikuwa unanguruma kutwa nzima, na vumbi jekundu linapanda mpaka mikorosho inabadilika rangi. Mafundi wakubwa wawili walikuwa wageni. Sisi tuliwaita Wachina, kama tulivyomwita kila mgeni wa sura ile. Mama alitukataza.

"Si Wachina wale, ni Wakorea," alisema. "Wana kwao na jina lao. Wewe ukiitwa Mmakua, na si Mmakua, utafurahi?"

Mama alijua kwa sababu alikuwa anawapikia. Alipata kazi ya kupika wali na maharage kwa wafanyakazi wa mtambo, na jioni alirudi nyumbani na kanga yake ya rangi ya zambarau, amefunga kitu kwenye pindo. Alikuwa na mwendo wake, mguu wa kushoto unachelewa kidogo nyuma ya wa kulia, kwa hiyo tulimtambua akiwa bado mbali. Zuhura alikuwa anakaa kizingitini kumngojea. Mama akifika, anafungua pindo taratibu kama mganga, anatoa kipande cheusi, chembamba, kinang'aa mafuta. Fundi mmoja alikuwa anampa kila siku pakiti ndogo amletee mtoto.

Mara ya kwanza mimi nilidhani ni karatasi. Ilifanana kabisa na ile karatasi nyeusi ya kunakilia waliyokuwa nayo ofisini kwa mtendaji wa kata, na niliamini kwamba kwao Wakorea hakuna ardhi ya kulima, ndiyo maana wamejifunza kula karatasi. Niliwahurumia sana. Mdogo wangu wa kati, Hamisi, alibeba kipande kwenda nacho shuleni akasema ni karatasi ya uchawi, ukiila unafaulu hesabu. Walikigombania mpaka kikawa unga.

Zuhura hakuwa na habari na uchawi. Yeye aliiweka juu ya ulimi, akafumba macho, akaiacha iyeyuke. Kisha anasema, "Sasa nipe ugali." Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Karatasi nyeusi kwanza, chakula baadaye.

Kisima kikatoa maji. Mtambo ukafungwa, wageni wakaondoka, wengine walisema wamekwenda Tunduru, wengine walisema wamerudi kwao. Na mama, mvua za kwanza hazijanyesha, akaanza homa. Tulimpeleka hospitali akiwa amekaa mwenyewe kwenye pikipiki. Alirudi amelazwa, amefunikwa kanga usoni. Baba alikuwa amekwisha kufariki miaka kadhaa nyuma, Zuhura hajaanza hata kutambaa. Kwa hiyo siku ile tukabaki watatu, na mimi mkubwa wao, nimemaliza la saba, nimepangiwa kidato cha kwanza na bado sijaanza.

Msiba ulijaa watu. Na watani wakaja, kama ilivyo kwetu. Ukoo wa mama na ukoo wa Mama Somoe, mwanamke wa palepale kijijini, ni watani tangu enzi za mabibi, na mtani msibani ana ruhusa ya kufanya yasiyofanywa. Anakalia jeneza, anazuia wachimba kaburi mpaka apewe kitu, anavaa nguo za marehemu na kuigiza sauti yake. Watu wanacheka huku machozi yanatoka, na hicho kicheko ndicho kinachowashikilia wasianguke. Leo naelewa. Siku ile sikuelewa kitu. Nilipomwona Mama Somoe anatoka chumbani amejifunga kanga ya zambarau ya mama, mguu wa kushoto anauchelewesha, na uwanja mzima unaanza kucheka, nilikimbilia nyuma ya nyumba, kwenye maganda ya korosho, nikajiziba masikio kwa viganja vyote viwili. Sikusikia alichosema. Nilisikia tu kicheko, kama mvua ya mbali, na nilimchukia yule mama kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Tangu siku ile Zuhura akaacha kula.

Hakulia. Hakusema anaumwa. Chakula kikipakuliwa alinyanyuka, akaenda kizingitini, akakaa ametazama barabara, ametugeuzia mgongo. Uji tulimnywesha akiwa na usingizi, vijiko viwili vitatu, na maji alikunywa. Lakini kunyoosha mkono mwenyewe akatia kitu kinywani, hapana. Shingo yake ikawa nyembamba, kichwa kikaonekana kikubwa. Mama Mkubwa, dada yake mama aliyekuja kutoka Mnyambe kukaa nasi mpaka arobaini, alijaribu kila kitu: kunde, mayai, samaki wa kukaanga, hata sukari tupu.

"Unataka nini, mwanangu?" alimbembeleza. "Sema tu."

"Karatasi nyeusi," alisema Zuhura, bila kugeuka.

Mjomba Mfaume, kaka yao mkubwa, alikuja kutuangalia akamnyanyua Zuhura na kumpima kwa mikono yake. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto. Akisema, amesema. Akamrudisha chini taratibu, akaniita pembeni.

"Rehema, mimi sikulaumu. Lakini huyu mtoto hatakufia mikononi mwako. Siku ya arobaini anakwenda Mnyambe na Mama yako Mkubwa. Hamisi namchukua mimi. Wewe utakwenda shule, utakaa Newala kwa ndugu wa baba yako."

"Hatuendi, Mjomba. Tunabaki hapa wote."

"Mnabaki na nani?"

"Na mimi."

Mjomba akavua kofia yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wake wengi na shamba lake dogo, na alikuwa anatafuta pa kutuweka kama mtu anayegawa mizigo ili punda wote wafike.

"Sawa," alisema. "Huyu akila mwenyewe, bila kushikwa, mimi naona kwa macho yangu, tutazungumza. Asipokula, basi mazungumzo hayapo."

Mimi nikaondoka pale nimeelewa jambo moja tu: nikiipata karatasi nyeusi, nyumba yetu inabaki. Nisipoipata, inavunjika. Sikuona kitu kingine chochote, na ujinga wangu wote ulianzia hapo.

Nilianza na Newala mjini. Nilikwenda duka hadi duka. Sikuwa na pakiti ya kuonyesha, sikuwa na jina lake, nilikuwa na mikono yangu tu ya kuchorea hewani.

"Shikamoo. Mna karatasi nyeusi ya kula?"

"Marahaba. Ya nini?"

"Ya kula. Nyembamba. Ina chumvi na mafuta ya ufuta. Ya Wakorea."

Wauzaji waliitana waje wanisikilize. Mmoja alinishika bega akanielekeza kwa uso mkavu kabisa duka la madaftari la upande wa pili. Kule nako nikauliza, na mwenye duka akapiga meza kwa kicheko.

"Jamani, Kitangari wamekosa mboga mpaka wameanza kula daftari! Binti, ya mistari au ya chumvi na pilipili?"

Nilisimama nikangoja amalize kucheka, kisha nikauliza tena, kwa sababu labda alikuwa nayo. Hakuwa nayo. Mama mmoja muuza vitenge ndiye aliyenihurumia. Aliniambia vyakula vya ng'ambo havifiki Newala, niende Masasi kwa Mhindi.

Hilo likaniingia akilini vizuri mno. Mhindi ametoka Asia, hivyo tulisoma shuleni. Mkorea ametoka Asia. Mimi ramani niliiona kama kijiji, na watu wa kijiji kimoja lazima wanajuana na wanakula chungu kimoja. Nilimwomba dereva wa lori la korosho, aliyekuwa rafiki wa baba, akanipakia mbele. Njia nzima ya kuteremka kutoka uwanda wetu wa juu nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno yangu, ili nisichekwe tena.

Duka lilikuwa refu na lenye giza, linanukia bizari na sabuni. Nyuma ya kaunta alikaa mzee mwembamba, kofia nyeupe, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamwamkia. Akaitika vizuri. Nikamweleza yote, na kwa mara ya kwanza mtu mzima hakucheka katikati. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani akaifuta.

"Korea?" alisema. "Binti, mimi nimezaliwa Lindi. Baba yangu amezaliwa Lindi. Korea mimi naiona kwenye televisheni."

"Sisi hatuna televisheni."

"Lakini mlikuwa na Mkorea. Umenishinda."

"Kwani nyinyi si majirani?"

"Nani?"

"Nyinyi na Wakorea."

Yule mzee akavaa tena miwani yake. Akatazama juu kwenye dari kana kwamba ramani imebandikwa kule. "Wewe ni jirani na Mmisri?" akaniuliza.

Sikujua. Machozi yakaanza kunipanda, siyo ya huzuni, ya hasira, kwa kuwa nilikuwa nimetoka mbali na nilikuwa nimepanga kila neno. Mzee akaona. Akainuka, akavuta debe chini ya kaunta, akatoa papadi, zile duara nyembamba za unga wa dengu, akazifunga kwenye gazeti.

"Hizi nyembamba. Zina chumvi. Zinavunjika. Kakaange, mpe mtoto. Akikataa, kula wewe, maana na wewe umekonda."

Nje, sokoni, muuza samaki wakavu aliyetoka Mikindani alikuwa amesikia maelezo yangu mlangoni. Akaniita.

"Dada, kitu chako ni mwani. Wa baharini. Kwetu wanaulima."

Nikamsogelea. "Unaliwa?"

"Hauliwi. Unauzwa. Wanasema kule mwani unakopelekwa wanatengenezea dawa ya meno na sabuni. Lakini kama Mkorea wako anakula, shauri yake. Nikija tena nitakuletea, nitampa yule dereva aliyekuleta."

Zuhura alizitazama papadi, akazigusa kwa kidole, moja ikavunjika. Akasema, "Siyo." Hamisi akazila zote.

Nikangoja mwani. Arobaini ilikuwa inasogea, Mama Mkubwa ameshaanza kuziweka nguo za Zuhura kwenye kifurushi chake, kidogo kidogo, nisione. Niliona. Dereva akaniletea mfuko hatimaye. Ndani kulikuwa na matawi ya rangi ya udongo, yamekauka na kujikunja, yana mchanga, yananuka kama dagaa walioharibika. Haukufanana na kile kitu kwa namna yoyote. Lakini nilikuwa nimeambiwa ni mwani, na karatasi nyeusi ni mwani, kwa hiyo niliamini kilichobaki ni kazi tu. Kazi sikuiogopa.

Nikauloweka kwa maji ya kisima kipya, nikausafisha mchanga. Nikautwanga kwenye kinu. Ukawa uji mzito unaovutika, unashika mchi haukubali kuachia. Nikaupaka juu ya mfuniko wa sufuria, mwembamba niwezavyo, nikauanika juani. Kuku wakaukanyaga. Nikapaka mwingine. Ulipokauka haukukubali kubanduka, nikaukwangua kwa kisu, ukatoka vipande kama magamba ya samaki. Nikapaka mafuta ya ufuta, nikauweka juu ya makaa. Ukajikunja, ukatoa moshi wa kuumiza macho, jirani akapiga kelele kuuliza tunachoma nini, kiatu?

Hamisi alijitolea kuonja. Alitafuna mara mbili, akanitazama kwa huruma ya kweli, akaenda kutema nyuma ya choo.

Hata hivyo nilichagua kipande kilichokuwa cheusi kuliko vingine, nikakiweka kwenye kisahani, nikampelekea Zuhura kizingitini. Mikono yangu ilikuwa imejaa malengelenge. Akakitazama. Akanitazama. Akageukia barabara.

Hapo nikashindwa. Nilikitupa kisahani uani, nikamshika mabega nikamgeuza kwa nguvu.

"Unataka nini? Nimekwenda Newala, nimekwenda Masasi, nimechekwa mji mzima! Haipo! Wakorea wameondoka! Unataka nini, Zuhura?"

Hakuogopa. Alinijibu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemweleza mgeni jambo ambalo wenyeji wote wanalijua.

"Mama kasema nisile mpaka arudi."

"Mama gani?"

"Mama. Siku ile ya watu wengi. Kavaa kanga yake. Kasema anakwenda dukani kunitafutia karatasi nyeusi, nisile chochote mpaka arudi nayo. Watu wote walisikia. Walicheka."

Niliyaachia mabega yake. Nilikaa chini palepale kizingitini. Mwezi mzima alikuwa anangoja. Hakuwa anaitamani karatasi. Alikuwa anatii. Na angeletewa gunia zima la vile vipande kutoka Korea kwenyewe, angevitazama vivyo hivyo na kugeukia barabara, kwa sababu aliyepaswa kuvileta hakuwa mimi.

Nilikimbia mpaka kwa Mama Somoe. Nilimkuta anachambua korosho, miguu ameinyoosha. Alipiga mkono kwenye paja aliponiona, tayari na utani wake.

"Karibu, mwali wa nyumba yenye njaa! Umekuja kuomba chumvi au mume?"

Sikumsalimia. Nilimwambia yote, na safari zangu zote za Newala na Masasi, kwa mkupuo mmoja, bila heshima, nimesimama. Utani ukamtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye ndoo iliyotoboka. Akaweka korosho chini.

"Mtoto alikuwa pale?" akauliza. "Nilijua mmewatoa watoto."

"Alikuwa pale."

Akajifuta mikono. Kisha akauliza, "Kanga ya zambarau iko wapi?"

"Kwa Mama Mkubwa. Nguo zitagawiwa arobaini."

"Basi msiba haujafungwa," alisema, akajinyanyua huku akishika kiuno. "Bado nina ruhusa yangu. Nenda nyumbani. Chemsha kitu, chochote, na mwite mjomba wako."

Mjomba alikuja siku ya pili mchana, hajapenda. "Mambo ya watani ni ya siku ya mazishi," alinung'unika. "Mtamchanganya mtoto zaidi." Mama Mkubwa naye alikuwa na wasiwasi, lakini kanga alikuwa ameshaitoa. Nilikuwa nimechemsha ming'oko, ile mizizi ya porini ambayo Hamisi aliichimba asubuhi, na ilikuwa inatoa mvuke kwenye ungo katikati ya mkeka. Zuhura, kama kawaida yake, alinyanyuka akaenda kukaa kizingitini.

Na barabarani, kati ya mikorosho, akatokea mtu wa kanga ya zambarau, mguu wa kushoto unachelewa.

Zuhura akasimama.

"Jamani nimechoka!" Sauti ilikuwa ya mama, ile ile ya kulalamika na kucheka pamoja, na majirani wakaanza kutoka majumbani. "Nimezunguka mimi! Nimekwenda Newala, wamenipeleka duka la madaftari! Nimekwenda Masasi kwa Mhindi, ananiuliza kama mimi ni jirani na Mmisri! Mimi mtu wa Kitangari, Mmisri namjulia wapi? Nimepewa mwani wa Mikindani, nimeuchoma, jirani anasema nachoma kiatu!"

Watu walikuwa wanaangua kicheko. Hata Mjomba alijifunika mdomo kwa kofia yake. Na mimi, ambaye siku ya mazishi nilijiziba masikio, nilisikia safari yangu yote ikisemwa mbele ya kijiji kwa sauti ya mama, kila mlango nilipochekwa, na nikacheka mpaka nikashindwa kujua kama bado nacheka.

Mama Somoe akafika kizingitini. Akafungua pindo la kanga taratibu, akamwonyesha Zuhura. Halikuwa na kitu.

"Hakuna," alisema. "Imekwisha. Nimetafuta kote."

Zuhura akatazama pindo. Akatazama mguu wa kushoto, ambao sasa ulikuwa umesimama sawasawa na mwenzake. Akapandisha macho mpaka usoni, akakaa hapo muda mrefu mpaka kicheko kikaisha uwanjani.

"Wewe Mama Somoe," alisema.

"Ndiyo, mwanangu. Ni mimi." Sasa ilikuwa sauti yake mwenyewe. Akachuchumaa. "Na siku ile nilikuwa mimi. Niliyesema usile ni mimi. Mama yako hakusema."

"Mama kasema nini?"

"Mama hakuwahi kukuambia ulale na njaa. Hata siku moja."

"Anarudi?"

Mama Somoe, ambaye kazi yake ilikuwa kuwa na jibu kwa kila kitu, alimshika mkono tu. Akatikisa kichwa. Zuhura hakulia. Alipita pembeni yake, akaja kwenye mkeka, akakaa karibu na Hamisi. Akachukua mng'oko mmoja, akaumenya kwa meno ya mbele, akala. Mama Somoe akavua ile kanga, akaikunja, akampa Mama Mkubwa, kisha akaenda nyuma ya nyumba, kwenye maganda ya korosho, akalia peke yake.

Mjomba alitazama mpaka mng'oko wa pili ukaisha. Akasogea nilipokaa.

"Nilisema tutazungumza," alisema. "Zungumza."

"Tunabaki hapa, Mjomba. Wote watatu."

"Nani atawalimia?"

"Mimi na Hamisi."

"Nani atakaa na huyu?"

"Mimi."

"Na shule yako? Maana huwezi kuwa kote kuwili, Rehema. Nataka useme mwenyewe, usije ukasema niliichukua mimi."

Nilijua alichokuwa ananiuliza. Nilikuwa na akili ya kutosha kujua kwamba nikibaki, kidato cha kwanza ndiyo basi. Zuhura akanivuta gauni, mashavu yamejaa.

"Dada, haina chumvi."

"Ngoja, Mjomba," nilisema, nikainuka kwenda jikoni kumletea.